Rangi ya Kwanza ya Baraza la Mbao: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri

Fundi akikukabidhi baraza jipya la mbao lililokwisha kupakwa steini, usilikague saa sita mchana ukiwa umesimama. Saa hiyo kila kitu kinapendeza. Njoo asubuhi au jioni jua likiwa chini, chutama pembeni, upitishe macho juu ya mbao kwa ulalo. Hapo utaona brashi ilipoishia, matone yaliyoganda, na sehemu zilizopakwa mara mbili bila kukusudiwa.

Swali la msingi ni hili: rangi imeingia ndani ya mbao au imekaa juu yake? Ukipitisha kiganja kwenye kazi nzuri unagusa mbao yenyewe na mistari yake. Utando unaong'aa huvutia siku ya makabidhiano tu. Jua likishaupasua, maji hupenya chini yake yakakosa pa kutokea, ukaanza kubabuka, na kuuondoa ni kuparua baraza zima. Steini iliyopenya hufifia tu; unaosha na kupaka tena. Lakini iwe na rangi kiasi. Mafuta yasiyo na rangi kabisa hayaizuii miale ya jua, na mbao hugeuka kijivu mapema.

Kazi mbovu mara nyingi huanzia kwenye ubao, kopo likiwa bado halijafunguliwa. Tanzania msonobari mwingi hutoka mashamba kama Sao Hill huko Mufindi, na ule wa kukaa nje hutiwa dawa kwa shinikizo. Dawa hiyo huingia pamoja na maji, kwa hiyo ubao mpya huwa mzito mkononi, na mara nyingi una ukijani. Ukiupaka ungali hivyo, hauna nafasi ya kunywa kitu. Fundi makini husubiri wiki kadhaa, hata miezi. Kipimo cha unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 20, anaahirisha.

Asiye na kipimo anatumia tone la maji. Lidondoshe juu ya ubao utazame. Likitawanyika upesi na kuacha doa jeusijeusi, ubao uko tayari. Likikaa duara bila kuzama, bado. Tone linaweza kugoma hata kwenye ubao mkavu, kwa sababu mashine ya randa, hasa yenye visu butu, huukandamiza uso wa ubao na kuziba vinyweleo. Dawa yake ni msasa namba 60 au 80. Msasa laini wa namba 220 ni wa meza. Kwenye baraza unaziba tena kile ulichokifungua. Na anayepiga msasa mbao za dawa bila barakoa simsifu hata kidogo, maana baadhi ya dawa hizo zina kromu na aseniki.

Kuosha hakuna siri kubwa: brashi ngumu ya nailoni, sabuni ya mbao, maji mengi ya kusuuzia, kisha kuacha pakauke sawasawa. Klorini huchakaza nyuzi. Mashine ya presha ikisogezwa karibu mno huzichimbua.

Mtiki, kama ule wa Longuza au Mtibwa, una habari nyingine. Una mafuta yake ya asili, tena una tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi. Basi kagua vichwa vya misumari. Kivuli cheusi kilichokizunguka kichwa kinaweza kuondolewa kwa asidi ya oksaliki, lakini msumari ukibaki uleule, doa litarudi. Karibu na bahari nisingekubali chochote isipokuwa skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Halafu inama, utazame ncha za mbao. Nyuzi za mti ni mirija, na ncha iliyokatwa hunywa maji kuliko uso wa ubao. Kupasuka na kuoza huanzia hapo. Kwenye msonobari wa dawa, kila kata mpya inaweza kufichua kiini ambacho dawa haikukifikia. Ncha iliyoachwa nyeupe inatosha kunifanya nizuie malipo ya mwisho. Fundi bora huzipaka mara mbili tatu, mpaka zikatae kunywa.

Uso wenyewe hupakwa ubao mmoja mmoja, mwanzo hadi mwisho bila kupumzika katikati, jua likiwa halijapachoma. Steini ya mafuta ikishakaa kidogo, ziada isiyoingia hufutwa kwa kitambaa. Isipofutwa, baraza litanata kwenye nyayo kwa siku kadhaa.

Mwisho uliza vitambaa hivyo viko wapi. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na lundo la vitambaa vilivyolowa linaweza kushika moto bila kiberiti. Ukivikuta vimetandazwa kimoja kimoja uwanjani, au vimezamishwa kwenye ndoo ya maji, huyo ni fundi unayeweza kumwachia funguo za nyumba ukasafiri.