Ghala la Msimbo: Tunatafuta Faili au Tunatafuta Badiliko?

Uhakiki wa istilahi za kompyuta katika idara zetu umezoea kuanzia kwenye orodha na kuishia kwenye orodha. Mhakiki hulitazama neno lililochapishwa, hulipima kwa kamusi, kisha hutoa hukumu. Njia hiyo haitoshi kwa tafsiri za programu huria, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux. Tafsiri za aina hii hukaa katika mafaili yaliyo wazi kwa wote, na kila neno lina historia ya kuingizwa, kurekebishwa na hata kufutwa. Asiyeipekua historia hiyo anahakiki nusu ya kazi.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Tumezoea kusema “ghala la msimbo”. Ghala huonyesha kilichobaki tu. Gunia likishatolewa, haliachi alama. Hifadhi ya msimbo haiko hivyo. Inafanana zaidi na daftari la muuza duka, ambamo deni lililokatwa kwa kalamu bado husomeka. Kwa kuwa tunaliita ghala, tunaingia humo kutafuta kilichopo na kusahau kuuliza kilichoondolewa.

Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutenganisha maswali hayo mawili. Amri ya git grep hujibu: neno hili limo katika faili gani sasa? Amri ya git log -S hujibu: ni badiliko lipi lililoongeza au kupunguza idadi ya neno hili? Katika Kiswahili yote mawili tunayaita “kutafuta”, ingawa lugha yetu haikosi maneno: kusaka, kupekua, kufukua. Pendekezo langu ni kwamba faili lisakwe, na badiliko lifukuliwe.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Minago, katika mwambao wa Burundi kati ya Bujumbura na Rumonge. Samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, huku huitwa mukeke. Na dagaa huitwa ndagala. Tuseme programu ya kuandika mavuno ya samaki imetafsiriwa kwanza na mwenyeji wa Minago, kisha mhariri wa mbali akaweka “mgebuka” na “dagaa” kila mahali. Anayesaka “mukeke” katika mafaili ya leo hapati kitu, na atahitimisha kwamba mwambao huu haukuchangia neno lolote. Anayefukua mabadiliko atapata tarehe mbili: siku neno lilipoingia na siku lilipotolewa, pamoja na jina la aliyelitoa. Huyo ndiye mwenye hoja ya kujadili.

Hata hivyo, mashine haijui sarufi. Ukitafuta “lind” utapata linda, lindwa na kulinda, lakini hutapata mlinzi wala ulinzi, kwa sababu d imegeuka z. Vilevile git log -S huhesabu tu: neno likihamishwa kutoka mstari mmoja hadi mwingine ndani ya faili lilelile, idadi haibadiliki, na badiliko hilo halionekani. Hapa mwanafunzi wa mofolojia ana kazi ambayo mtaalamu wa kompyuta peke yake hawezi kuifanya.

Dosari kubwa zaidi ni ya watafsiri wenyewe. Kila badiliko huambatana na ujumbe, lakini ujumbe unaosema “nimerekebisha” tu haumsaidii msomaji. Kumwondoa mukeke kwaweza kuwa uamuzi wa usanifishaji wenye sababu nzuri. Bila sababu kuandikwa, ni amri tu.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwanafunzi wa mwambao huu, aliyesomeshwa kompyuta kwa Kifaransa, hukutana na istilahi za Kiswahili zilizokwisha kuamuliwa kwingine. Basi walimu wa istilahi wasiishie kumpa mwanafunzi orodha ya maneno ya kukariri. Wampe neno moja, alifukue tangu lilipoingia, aeleze nani alilibadili na kwa hoja gani. Asipoikuta hoja, aseme hivyo waziwazi katika uhakiki wake.