Nyuzi 45 za Amagansett

Kuongeza jengo kando ya nyumba iliyokwisha kukamilika kunahitaji mkono usio na pupa. Mfano ninaourudia mara kwa mara uko Amagansett, kwenye kisiwa cha Long Island, jimbo la New York.

Msanifu majengo Charles Gwathmey aliijenga nyumba ile mwaka 1965, akiwa hajatimiza miaka 30, kwa ajili ya wazazi wake: baba mchoraji, mama mpiga picha. Alikusudia zege, ikajengwa kwa fremu ya mbao iliyovikwa mwerezi. Mbao zimesimama wima, ubavu kwa ubavu, nje na ndani, hata mraba, nusu duara na mteremko wa paa huonekana kama vimechongwa kutoka gogo moja. Sebule imepandishwa juu ili macho yavuke matuta ya mchanga na kuifikia Atlantiki.

Muda mfupi baadaye ikatakiwa studio. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoigusa nyumba. Ukuta wowote ambao ungepigiliwa pale ungeificha kona mojawapo, na nyumba ile uhai wake ni kona. Studio ikasimama peke yake, ndogo kuliko nyumba.

Umbo nalo hakulitafuta mbali. Alichukua vipande vya nyumba yenyewe, mteremko wake na mkato wake, akavipanga upya.

Kisha ukaja mwelekeo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Chukua karatasi ya kufuatishia, chora studio, iweke juu ya ramani ya kiwanja. Ukiilaza sambamba na nyumba, unapata safu kama ya kambi. Bana karatasi kwa pini, izungushe taratibu. Kwenye nyuzi 45, alipoiweka Gwathmey, jengo moja likikupa uso, jingine hukupa kona. Ukitembea, yanabadilishana zamu.

Mwisho ni ngozi: mwerezi uleule, wima vilevile. Hewa ya chumvi huugeuza mwerezi kuwa wa kijivu, kwa hiyo tofauti ya umri ilikuwa ya kufutika yenyewe. Fundi mwenye haraka angepaka rangi.

Siku hizi picha za nyumba ile ikiwa peke yake, kabla ya studio, naziona zimepungukiwa.