Jina la mjusi lilipovuliwa

Mijusi wa jenasi ya Tympanocryptis, viumbe wadogo wa nyanda za mawe na za nyasi huko Australia, ukiwakanyaga ndipo utajua wapo. Mwili bila mkia ni wa sentimita 5 hadi 7 tu, na rangi yao ni ya kokoto walizolalia. Sikio halionekani kwa nje kwa kuwa ngoma yake imefunikwa magamba. Hiyo ndiyo alama ya jenasi nzima. Kazi ni kujua spishi.

Njia ya zamani ilikuwa kumgeuza mjusi chali na kuhesabu vitundu vya ngozi. Dume wa T. tetraporophora wa jangwa la kati ana vinne: viwili karibu na njia ya haja, viwili chini ya mapaja. Wengine huwa na vile viwili vya kwanza tu, na hapo hesabu inagota. Ndivyo jina T. lineata lilivyobandikwa kwa miaka mingi kila mjusi mwenye milia mgongoni, hadi maeneo makavu kabisa ya bara.

DNA ilionyesha kuwa chini ya jina hilo wamejificha wengi. Lakini nani abaki nalo? Jina la spishi hufuata kielelezo kilichotumiwa kulitoa, na cha lineata kiko Berlin, alikokieleza Wilhelm Peters mwaka 1863 (ndiye huyohuyo aliyewahi kukusanya wanyama Msumbiji na Zanzibar). Mzoga uliokaa kwenye spiriti zaidi ya miaka 150 haukatwi ovyo, na DNA yake haitegemewi.

Kwa hiyo timu ya Jane Melville wa Museums Victoria iliusoma mfupa badala ya nyama. Skani za eksirei zenye uwezo wa kuonyesha vitu vidogo mno ziliunda fuvu la pande tatu bila kugusa ngozi, likalinganishwa na mafuvu ya mijusi ambao DNA ilishawatenganisha. Kwa maoni yangu, ujanja wote uko hapo: DNA iliyagawa makundi, fuvu likaunganisha kundi na jina.

Jibu lilipotoka 2019 liliwashangaza wengi. Lineata ni mjusi wa nyanda za nyasi za Canberra, wala si wa jangwani. Waliobaki bila jina katika maeneo makavu ya kusini wakaitwa T. petersi, kwa heshima ya Peters. Ukishika mwongozo wa kabla ya hapo, tazama ramani ya makazi kwanza, jina baadaye.