Gari Halijagongwa, au Chesisi Ndiyo Haijaguswa?

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yamepitia mnadani Japani. Kabla ya kunadiwa, kila gari hukaguliwa na mtu aliyeajiriwa na nyumba ya mnada, wala si na mwenye gari. Huyo ndiye hujaza karatasi yenye mchoro wa bodi, kilomita zilizosomwa, kasoro alizoziona na alama ya jumla. Hakuna kumbukumbu nyingine ya ajali inayoikaribia karatasi hiyo kwa uzito, na ndiyo ambayo mnunuzi wa mwisho mara nyingi haioni kabisa.

Alama ya 4.5 au 5 ni ya gari safi sana, 4 ni zuri, na 3.5 ni la kawaida lenye mikwaruzo na mibonyeo. Herufi R au RA zina maana tofauti kabisa: gari limewahi kutengenezwa sehemu inayobeba umbo lake. RA kwa kawaida huashiria matengenezo madogo zaidi kuliko R.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Katika biashara ya magari ya Japani, gari huhesabiwa kuwa na historia ya matengenezo ya ajali pale tu mifupa ya bodi inapokuwa imeumia: mihimili ya chesisi, nguzo za bodi, paa, sakafu ya gari au ya buti, fremu inayobeba rejeta. Milango, boneti, bampa na fenda za mbele hufungwa kwa bolti, kwa hiyo haziingii katika hesabu hiyo. Toyota Fielder iliyobadilishwa boneti na fenda zote mbili inaweza kupata 3.5 na kuuzwa kama gari lisilo na historia ya ajali, na muuzaji akawa hajasema uongo wowote. Ndiyo maana kuuliza tu kama gari limewahi kugongwa hakutoshi. Inafaa kusoma mchoro.

Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo na U ni mbonyeo. Tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. W huwekwa mahali palipokwisha kunyooshwa na kupigwa rangi, fundi akaacha dalili. X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. XX moja kwenye mlango haistahili kumtisha mtu. XX kwenye boneti na kwenye fenda, pamoja na W jirani yake, zinaeleza gari lililopigwa mbele, hata kama mkaguzi aliona chesisi iko sawa.

Karatasi hiyo haisafiri na gari kwa lazima. Hati ya kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje, inayotolewa Japani, hutaja namba ya chesisi na mwezi wa usajili wa kwanza, lakini haielezi ajali. Cheti cha ukaguzi ambacho KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutaka kabla gari halijasafirishwa kwenda Kenya hushughulikia umri wa gari na usalama wake barabarani, si maisha yake yaliyopita. Na nakala anayoonyesha dalali kwenye simu inaweza kuwa imefutwa R ikaandikwa 4. Njia ya kuaminika ni kunakili namba ya chesisi kutoka kwenye gari lenyewe, kuitafutia kumbukumbu ya mnada kwa huduma isiyo ya muuzaji, kisha kulinganisha tarehe, rangi na kilomita. Namba hiyo ni fupi, haifiki tarakimu na herufi 17, kwa hiyo tovuti za Kimarekani hazitaitambua.

Kwa gari linalotoka Uingereza utaratibu ni mwingine. Tangu Oktoba 2017 kampuni za bima huko huyaweka magari yaliyofutwa katika makundi manne. A ni la kupondwa lote. B bodi yake hupondwa lakini vipuri huokolewa. S limeumia muundo ila linatengenezeka. N limeharibika pasipo muundo kuguswa. Kundi S huandikwa kwenye kitabu cha usajili, N haliandikwi, hivyo mwenye kutegemea kitabu peke yake atalikosa.

Baada ya karatasi, bodi. Bolti za fenda na bawaba za boneti zikiwa zimechubuka rangi, spana imepita hapo. Gundi ya viungo vya bati iliyotoka kiwandani hulala sawasawa. Ya mkono huyumba. Kipimo cha unene wa rangi husoma takribani mikroni 100 hadi 180 kwenye rangi ya kiwandani, na mamia zaidi palipo na puti. Mkanda uvutwe mpaka mwisho kutafuta tope la mafuriko. Taa ya eabegi iwake swichi inapofunguliwa, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda eabegi zilishafyatuka na mtu akaificha taa.

RA iliyotajwa wazi na kuuzwa kwa bei yake inaweza kuwa ununuzi mzuri, hasa ikiwa kilichoguswa ni fremu ya rejeta peke yake. Wizi uko pale gari hilohilo linapouzwa kwa bei ya 4.5. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya chesisi mpaka apewe amana hastahili kupewa amana hiyo.