Uhakiki wa Istilahi: "Uvujaji"

Mwongozo wa matengenezo ya magari ulioletwa kwetu ili uhakikiwe unamwagiza fundi "atafute uvujaji na kuuziba". Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, lakini yaweza kuua watu.

Katika gereji moja ya Bagamoyo nilishuhudia pikapu ikitona mafuta chini ya difu. Msomaji wa mwongozo huo angeifungua difu. Fundi alipangusa kila mahali kwa tambara, akaagiza breki ikanyagwe, kisha akaifuata njia ya mafuta kuelekea juu. "Inavuja kwenye nati," alisema, "inachuruzika kwenye bomba, inatona hapa." Kumbe yalikuwa mafuta ya breki! Vitenzi vitatu, mahali patatu. Mfasiri amevimeza vyote katika nomino moja. Hata waunda majahazi wa pwani hiyo (ambao kwao maji huingia, hayatoki) hawachanganyi ngama yanamokusanyika maji na mwanya unaotiwa kalafati.

Twapendekeza "uvujaji" ubaki kuwa jina la tendo tu, na mahali panapozibwa paitwe "chanzo cha uvujaji". Mwongozo usichapwe kabla ya sahihisho hilo.