Nguo za Nyamata na Kesi Isiyo na Hukumu

Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 nchini Rwanda, alijificha zaidi ya miaka 20 hadi alipokamatwa karibu na Paris mwezi Mei 2020. Mwaka 2023 kesi yake ilisitishwa kwa sababu ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemlemea. Kwa maoni yangu, haki ilishindwa hapo, na lawama si ya majaji waliofuata sheria, bali ya wote waliomficha.

Hukumu ikikosekana, kinachobaki ni kumbukumbu. Mwaka huohuo wa 2023, UNESCO iliiingiza Nyamata katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika lililokuwa kanisa, nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi. Katika vyumba vya chini ya ardhi, mafuvu yamepangwa kwenye rafu. Naona nguo zinasema zaidi. Mafuvu humwonyesha mgeni wingi wa wafu. Gauni la mtoto humkumbusha kwamba kuna mama aliyelifua.

Wapo wanaosema mifupa ni ushahidi dhidi ya wanaoyakana mauaji. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Lakini mahali pa ushahidi ni mahakamani. Mahakama iliposhindwa, marehemu walitwikwa kazi ya mashahidi, na hata sasa hawajapumzika. Basi tukiwatembelea, tuwataje kwa majina yao, wala tusiwapige picha.