Sikio la Semina

Katika kila semina ya mtandaoni iliyonoga kuna mtu ambaye sura yake haionekani na sauti yake husikika mara chache. Mtoa mada ana slaidi zake, mwenyekiti ana saa yake. Huyu wa tatu anabeba kila kinachoandikwa: maswali ya kwenye Zoom, maoni yanayomiminika pembeni ya matangazo ya YouTube, machapisho ya X, na jumbe za sauti za kundi la WhatsApp. Kazi yake ni kuyaingiza mazungumzo hayo ndani ya semina yenyewe, wakati bado inaendelea. Ni ufundi ninaouheshimu sana, na unastahili kutazamwa bila haraka.

Wasikilizaji wa Kiswahili wanaujua mzizi wake. Redio Tanzania Dar es Salaam ilisoma kadi za salamu, na BBC, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, ilisoma barua za wasikilizaji. Mtangazaji hodari alijua barua ipi isomwe yote, ipi ifupishwe, na jina la kijiji litamkweje. Kilichobadilika ni muda. Barua ilisafiri kwa wiki kadhaa; ujumbe wa leo unafika mtoa mada akiwa hajamaliza sentensi.

Kazi ya fundi huyu wa semina huanza siku kadhaa kabla, kwa kuchagua alama ya reli (#). Tangu Chris Messina alipopendekeza mwezi Agosti 2007 kwamba alama hiyo itumike Twitter, ambayo sasa ni X, kukusanya mazungumzo ya jambo moja, imekuwa ndiyo mlango wa mjadala. Fundi huitafuta kwanza mtandaoni, asije akaingiza wasikilizaji wake katika mjadala wa mpira. Huifanya fupi, isiyokosewa na mtu anayechapa kwa kidole gumba akiwa ndani ya daladala. Kisha huandaa machapisho: picha, takwimu, jina la mtoa mada lililohakikiwa, na maswali yenye namba, S1, S2, S3, ili majibu yaje na J1, J2, J3 na anayechelewa ajue lipi linajibu lipi. Akifanya hayo mapema, macho na masikio yake yanakuwa huru semina inapoanza.

Chukulia semina ya viwavijeshi vamizi, wadudu walioonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka uliofuata. Mtaalamu anaeleza mzunguko wa maisha ya mdudu. Chini yake unaingia ujumbe: “mahindi yanaliwa nifanyeje.” Hauna alama ya kuuliza, hauna mahali, hauna umri wa mmea. Asiye fundi atausoma hivyo hivyo, na mtaalamu atajibu kwa ujumla. Fundi hujibu papo hapo: “Pole sana ndugu. Mahindi yana wiki ngapi? Tupigie picha ya kichwa cha kiwavi na sehemu yake ya nyuma.” Anaijua mada kiasi cha kujua kwamba kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Picha ikifika, swali linalokwenda kwa mwenyekiti ni jingine kabisa: mkulima ana mahindi ya wiki tano, viwavi ni wakubwa na wamejificha moyoni mwa mmea; je, kunyunyiza dawa sasa kutawafikia? Hapo mtaalamu anapata la kushika, na wengine wenye shamba kama hilo wanajibiwa pamoja naye.

Tazama alichofanya. Swali limebaki la mkulima, kwa jina lake na kwa jambo linalomsumbua. Fundi hakulipamba wala hakuligeuza hoja yake mwenyewe. Amelisaidia tu lisimame. Mipaka hiyo ni myembamba, na wanaoijua hulinda maneno ya mwulizaji kadiri yanavyoweza kubeba maana.

Halafu kuna suala la saa. Matangazo ya moja kwa moja ya YouTube huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya chumba cha Zoom, wakati mwingine nusu dakika. Mtoa mada akiuliza, “Mnakubaliana nami?” na kukaa kimya sekunde tano, watazamaji wa YouTube hata hawajalisikia swali. Fundi mzoefu humwandikia mwenyekiti pembeni aendelee na hoja inayofuata, kisha huyarudisha majibu yanapofika, akikumbusha yanahusu nini. Aliyeishiwa bando huwekewa muhtasari wa maandishi, sentensi mbili kwa kila hoja, naye bado anaweza kuuliza.

Kuchagua ndiko kunakodai moyo wa haki. Wanaoandika haraka na mara nyingi hujaza kioo, na ni rahisi kudhani wao ndio mkutano. Fundi hushuka chini ya orodha kumtafuta ambaye hajasikika: mtu wa Bujumbura aliyeandika mara moja, mama aliyetuma sauti kwa sababu kuandika kunamchosha. Maswali matatu yanayofanana huyaunganisha na kuwataja wote watatu. Pingamizi kali hulipeleka mbele kwa ukali wake, likiondolewa matusi tu, kwa sababu mtoa mada anayelindwa dhidi ya pingamizi hajifunzi kitu na hadhira inajua.

Semina ikifungwa, yeye bado yupo kazini. Hukusanya majibu katika uzi mmoja, hutenga maswali yaliyobaki, huyapeleka kwa mtaalamu na kuhakikisha kila jibu linamfikia mwenyewe aliyeuliza.

Waandaaji wengi humpa kazi hii kijana yeyote mwenye simu nzuri, tena akiwa ndiye huyo huyo anayepokea wageni na kurekebisha sauti. Hilo ni kosa. Usikivu wa namna hii hauchanganyiki na kazi nyingine. Apewe mada mapema, apewe nafasi ya kuzungumza na mtoa mada kabla ya siku yenyewe, alipwe, na jina lake liandikwe kwenye tangazo pamoja na majina ya wataalamu. Bila yeye, watu mia tano wamekaa kumsikiliza mmoja. Akiwepo, wanajifunza pamoja, na mtaalamu mwenyewe anaondoka akijua zaidi ya alivyokuja.